Kaye ya walimu: jinsi imani ilivyotuvusha tangu mwaka wa 1964



Halmashauri ya Jubilei ilipotukabidhi kazi ya kuandika historia ya parokia, tulidhani kwamba itakuwa kazi nyepesi. Tulikuwa na majina ya mapadri waliotutumikia tangu mwaka wa 1975, picha chache za ujenzi wa kanisa, na wazee wenye kumbukumbu nzuri. Tungeandika miaka, tungeandika majina, tungemshukuru Mungu na kuweka kalamu chini. Lakini katika mkutano wetu wa pili mzee mmoja wa kapela ya zamani alifika na sanduku dogo la bati lililoliwa na kutu, akalifungua mbele yetu, akatoa kaye ya masomo iliyofungwa ndani ya kipande cha kitenge. Ni kaye ya ubatizo ambayo walimu wetu wa dini waliandika kwa mikono yao katika miaka ile tulipokuwa bila padri, kuanzia mwisho wa mwaka wa 1964. Majina ni mengi. Karibu yote yanafuatwa na maneno yale yale: hatari ya kufa. Na pembeni ya jina moja mwalimu aliongeza neno moja tu: Simba.

Hapo mabishano yakaanza. Wengine kati yetu walisema kwamba kitabu cha jubilei ni kitabu cha furaha, na kwamba watoto wa mtu huyo wanaishi nasi, wanaimba pamoja nasi katika kwaya. Kwa nini kuwatia haya? Wengine wakajibu kwamba hata wale waliouawa na Masimba wana watoto, na watoto hao nao wanaimba. Wengine wakaona kwamba mambo ya mwaka wa 1964 ni siasa, wala si kazi ya Eklezia. Tulibishana hivyo siku tatu za Mungu mfululizo, baada ya Misa, mpaka wamama waliokuwa wakitungojea walituacha wakaenda kupika. Mwishowe tuliona kwamba tukiondoa miaka ile, hatutaweza kueleza namna parokia hii ilivyozaliwa. Kwa maana parokia yetu haikuzaliwa mwaka wa 1975 kwa barua ya Askofu. Barua ilikuta mtoto amekwisha kusimama.

Ili msomaji atufahamu, yafaa turudi nyuma kidogo.

Kando hii ya Ziwa Tanganyika ilisikia Habari Njema mapema kuliko inchi nyingi za Kongo. Mwaka wa 1883 Mapadri Weupe walijenga misioni ya Kibanga, upande wa Ubwari, nayo ikaitwa pia Lavigerieville, kwa heshima ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao. Siku zile ziwa lilikuwa njia ya wateka-watumwa. Mapadri waliwakomboa watoto waliofungwa kamba, wakawalea, wakawafundisha, wakawafungisha ndoa. Lakini magonjwa yaliwaua mapadri na watoto vilevile, na tisho la Rumaliza na watu wake halikupungua. Baada ya miaka kumi hivi misioni iliachwa, na Wakristu wake wakapelekwa kusini mpaka Baudouinville, pale tunapopaita leo Moba. Kwa kusema kweli, shamba la kwanza la imani katika inchi yetu liling'olewa.

Kusini kule aliishi mtu mmoja ambaye jina lake litarudi katika masimulizi yetu: Kapiteni Léopold-Louis Joubert, Mfaransa, aliyekuwa zamani askari wa Papa huko Roma. Alifika Mpala mwaka wa 1887 ili kuwalinda watu na wateka-watumwa, akamwoa Agnes Atakaye, binti wa inchi, wala hakurudi tena kwao. Alifariki mwaka wa 1927. Mtoto wao Albert, aliyezaliwa mwaka wa 1908 kule Mrumbi, aliingia seminari akawa padri mwaka wa 1935. Hakuwa padri wa kwanza mwenye asili ya Kongo; heshima hiyo ni ya Padri Stefano Kaoze, aliyepadrishwa kule kule Baudouinville tarehe 21 Julai 1917. Lakini ni Padri Albert Joubert aliyeletwa na Mungu kufanya kazi katika milima ya Fizi. Basi, imani iliyochukuliwa toka kwetu kwenda Moba siku za babu zetu ilirudishwa kwetu na mtoto wa Moba.

Mwaka wa 1958 Wamisionari Wasaveriani, watoto wa Askofu Conforti wa Parma, walifika upande wa Uvira. Tarehe 16 Aprili 1962 Baba Mtakatifu Yoane XXIII aliunda jimbo la Uvira, na Monsinyori Danilo Catarzi akawa Askofu wa kwanza. Wazee wanasimulia kwamba siku zile kila kitu kilitoka kwa padri: padri ndiye aliyekuwa na dawa, na gari, na vitabu, na neno la mwisho. Mwalimu wa dini alikuwa mtu wa kupiga ngoma na kufundisha sala kwa kichwa. Hatusemi hayo ili kuwalaumu wamisionari, kwa maana walitoa maisha yao. Lakini nyumba yenye nguzo moja ina hatari yake.

Nguzo hiyo ilianguka mwaka wa 1964.

Tusidanganyane: Masimba hawakutoka mbali. Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 ulikuwa umeahidi mengi, na baada ya miaka minne watu waliona kwamba viti vya Wazungu vimepata wenyewe wapya, lakini mishahara ya walimu hailipwi, barabara zinaharibika, na mwenye njaa angali na njaa. Ghazabu ile ilikuwa na sababu. Ilipofika mwezi wa Mei 1964, Uvira ikashikwa na waasi, na vijana wetu wengi wakawafuata. Walinyunyiziwa maji ya dawa, wakaambiwa kwamba risasi zitageuka maji, wakaenda vitani wakiliita jina la Mulele. Kati yao walikuwamo waliosoma katika masomo ya misioni. Walikuwamo waliobatizwa. Yatupasa kuyasema hayo katika kitabu cha Kanisa, kwa sababu mara nyingi tunapenda kusema „wale“ kana kwamba walishuka toka mwezini.

Mapema mwezi wa Oktoba jeshi la taifa lilirudi Uvira, na Askofu Catarzi pamoja na wamisionari na masista waliozuiliwa pamoja naye wakafunguliwa. Lakini Fizi na Baraka zilibaki mikononi mwa waasi, na mapadri wa huko walibaki na watu wao. Ndipo ikaja tarehe 28 Novemba 1964, siku ya posho, kesho yake ikiwa siku ya kwanza ya Majilio. Gari ya waasi ilifika misioni ya Baraka. Fureri Vittorio Faccin, mwenye miaka 30, alipigwa risasi. Padri Luigi Carrara, mwenye miaka 31, alikuwa kanisani akiwaungamisha watu. Alitoka, akaamriwa kupanda gari; alikataa, akapiga magoti karibu na mwili wa ndugu yake, akauawa hapo. Jioni gari ile ile ikapanda Fizi. Padri Giovanni Didonè, mwenye miaka 34, akafungua mlango, akauawa. Na Padri Albert Joubert, mzee wao, mwenye miaka 56, akauawa pamoja naye. Siku tatu baadaye, mbali kaskazini katika Isiro, Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, mtoto wa shirika la Jamaa Takatifu, naye aliuawa usiku na mkubwa wa Masimba, akimsamehe.

Habari za Baraka zilifika kwetu kwa mtumbwi. Wazee wetu wanasema kwamba hakuna aliyelia kwa sauti, kwa hofu ya kusikiwa. Watu walichukua watoto, vyungu na majembe, wakapanda milimani. Hapo ndipo kaye yetu inapoanza.

Ukurasa wake wa kwanza hauna maelezo yoyote. Mwalimu hakueleza kwamba padri ameuawa, wala kwamba yeye mwenyewe amekuwa sasa mtu pekee wa Eklezia katika vijiji vile vyote. Aliandika tarehe, jina la mtoto, jina la baba na mama, na maneno „hatari ya kufa“. Wanasaikolojia wa siku hizi wangeliona la kusema juu ya jambo hilo. Sisi tunaona tu mtu aliyejua kazi yake na kuifanya. Homa, kuhara, njaa na risasi viliwachukua wadogo kwanza. Mwalimu na wenzake wawili waligawana vilima. Walipobatiza katika kijiji kimoja, walikuja usiku kwa mwenye kaye ili jina liandikwe, kwa sababu kaye ilikuwa moja tu, na kalamu vilevile.

Siku ya Mungu watu walikusanyika chini ya miti. Ngoma haikupigwa. Walisali rozari, mwalimu akasoma Injili, akasema maneno machache. Wakati ambapo padri angeinua Hostia, walipiga magoti wote na kunyamaza kwa muda mrefu mbele ya meza isiyo na kitu. Wazee waliokuwa watoto siku zile wanakumbuka kimya hicho kuliko mahubiri yote waliyosikia baadaye. Kisha sala mwalimu aliuliza swali moja: „Ni nani ambaye hatukumwona leo?“ Jina likatajwa, na watu wawili wakatumwa kwenda kumtafuta. Wengine walimkuta mgonjwa, wengine walikuta kaburi. Chumvi ilikuwa imepotea kabisa katika inchi; aliyepata kijiko kimoja toka kwa wavuvi alikigawa, na aliyekificha, wenzake walijua.

Tunalikazia swali hilo kwa sababu lilikuwa mwanzo wa mambo mengi. Miaka mingi baadaye, mapadri walipotueleza juu ya jumuiya hai za msingi, ambazo Maaskofu wa Kongo walianza kuzitaka tangu mkutano wao wa mwaka wa 1961, wazee wetu walitazamana. Kitu walichofundishwa kwa kitabu walikuwa wamekwisha kukifanya chini ya mti, kwa kukosa njia nyingine.

Sasa tufike kwenye lile jina.

Mwaka wa 1965 vita vilizidi kuwa vikali. Dunia inaikumbuka Fizi kwa sababu Che Guevara alivuka ziwa na watu wake toka Cuba mwezi wa Aprili mwaka ule, akaondoka mwezi wa Novemba bila kufanikiwa. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya miezi hiyo saba, na ndani yake watu wetu wanaonekana kama majani pembeni ya njia. Mwisho wa Septemba jeshi la taifa pamoja na mamluki lilishuka Baraka. Masimba walikimbilia milimani, walipokuwa tayari wale waliowakimbia wao.

Usiku mmoja kijana wa Masimba aliletwa mahali pa mwalimu, amepigwa risasi ya paja, kidonda kimeoza. Alikuwa amesoma mafundisho ya misioni lakini hakuwa amebatizwa. Aliomba maji ya ubatizo. Katika kambi ile alikuwamo mama mmoja kijana ambaye mume wake aliuawa na kundi la kijana huyo, katika mwezi wa Desemba uliotangulia. Kila mtu alijua. Wanasimulia kwamba mwalimu alikaa nje muda mrefu, na watu wakamwambia: „Mwache afe jinsi alivyo.“ Mwalimu akajibu kwamba maji si yake. Akaingia, akambatiza, akaandika jina, na pembeni akaandika Simba, ili asije mtu baadaye akasema kwamba alidanganywa.

Kumbatiza mtu anayekufa ni jambo jepesi kwa moyo. Kufa ni kufa, na mbele ya maiti hasira hupungua. Taabu yetu ni kwamba kijana yule hakufa.

Kidonda kilipona. Watu waliporudi polepole kando ya ziwa, yeye naye alirudi, akitembea kwa fimbo, akajenga kibanda mwisho wa kijiji. Siku ya Mungu alikuja kusali. Hakuna aliyekaa kwenye mti alipokaa yeye. Na hakuwa peke yake: waliotoka porini walikuwa wengi, wengine wakitaka kurudi kwenye Sakramenti, wengine wakitaka tu kuachwa walime. Mapadri walipoanza kutufikia tena kwa safari za nadra, walikuta jamaa zisizosalimiana, visima viwili kijijini ambapo kimoja kingetosha, na watoto wanaofundishwa nani wasicheze naye.

Walimu wetu walikata shauri ambalo hawakulitoa katika kitabu chochote. Mtu aliyetaka kupatanishwa alipaswa kwanza kwenda, pamoja na mzee mmoja, mpaka mlango wa nyumba aliyoidhuru, na kusema kwa mdomo wake alichofanya. Asingesema „vita vilifanya“, wala „tulitumwa“. Kisha angefanya kazi kwa nyumba hiyo: kujenga palipochomwa, kulima palipobaki bila mwanaume. Baada ya hayo ndipo angetafuta padri. Na mwenye nyumba hakulazimishwa kujibu upesi. Jambo hilo la mwisho ndilo tunaloliona kuwa la hekima kubwa zaidi. Mara nyingi sisi watu wa Kanisa tunamharakisha aliyeumizwa atoe msamaha ili mkutano uishe vizuri.

Kijana yule alikwenda kwa mama mjane. Alisema. Mama alisikiliza, akaingia ndani, akafunga mlango. Msimu wa mvua ulipofika, kijana alilima shamba lake la mihogo, akachechemea toka asubuhi mpaka jua kali, akaenda zake. Mwaka uliofuata alilima tena. Mama alipita kando ya shamba bila kumtazama. Katika mwaka wa tatu, siku moja ya palizi, alimletea sahani ya bugali na ndagala, akaiweka chini, akakaa mbali kidogo mpaka alipomaliza kula, akachukua sahani yake. Hawakusema neno. Mwalimu aliposikia habari hiyo, alimpeleka kijana kwa padri.

Tusifikiri kwamba mambo yote yalikwenda hivyo. Jamaa nyingine zilihama kwenda Uvira au Kalemie ili zisionane na jirani. Wanaume wengine walilima miaka mitano na mlango haukufunguliwa. Mmoja alikunywa pombe mpaka akafa. Wala silaha hazikutoka milimani: tangu mwaka wa 1967 Laurent-Désiré Kabila na watu wa chama chake walikaa katika milima ya Fizi, na kwa miaka mingi mlimaji wa kwetu alitozwa na watu wa msituni usiku, na mchana akashitakiwa na askari kwamba aliwalisha. Amani tunayoisimulia haikungoja vita viishe. Ilianza katikati yake, katika shamba la mihogo.

Kisha ikaja taabu ya namna nyingine, isiyomwaga damu. Mwaka wa 1972 serikali ya Rais Mobutu, kwa jina la kurudi kwenye uasili, ilikataza majina ya Kikristu, na Kardinali Malula akalazimishwa kukaa nje ya inchi kwa muda. Vyama vya vijana vya dini vilipigwa marufuku. Mwaka wa 1974 Noeli ikaacha kuwa sikukuu ya serikali, na mwisho wa mwaka ule masomo ya Kanisa yakachukuliwa na Leta. Katika miji mikubwa Wakristu wengi walifadhaika. Kwetu, wazee walicheka kidogo. Walikuwa wamekwisha kukaa bila padri, bila masomo, bila kanisa na bila chumvi. Je, wangeshindwa kusali Noeli jioni baada ya kazi? Waliandika majina ya ubatizo katika kaye, na kwa kitambulisho wakatoa majina ya mababu, ambayo nayo ni mazuri. Mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 uliporudisha masomo mikononi mwa Kanisa, kwetu walikuwako tayari wazazi waliozoea kukaa pamoja na kushauriana.

Katikati ya miaka ile, mwaka wa 1975, kapela zetu zikawa parokia. Padri wa kwanza aliyekaa nasi hakukuta jengo la kusifiwa: kuta za matofali mabichi, paa la majani. Lakini alikuta mashirika ya ujirani ambayo kila moja lilikuwa na mwalimu wake, na mtu wa kuwaangalia wagonjwa, na mtu wa kupatanisha jamaa. Alisema mara nyingi kwamba yeye alifika kuwa mgeni katika nyumba iliyopangwa. Miito ya kipadri na ya kitawa iliyotoka kwetu ilizaliwa katika mashirika hayo. Juu ya ujenzi wa kanisa la matofali ya kuchoma hatutasema mengi hapa, picha zinajieleza. Inatosha kuwakumbuka wamama waliobeba mchanga toka ziwani kwa vikapu.

Sanduku la bati lilisafiri mara ya pili mwaka wa 1996. Vita vilipofika kwetu, watu wengi wa Fizi na Uvira walivuka ziwa kwenda Tanzania, na maelfu wakapokelewa katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, iliyofunguliwa mwaka ule ule. Aliyebeba kaye ni mtoto wa yule mwalimu wa kwanza. Aliacha godoro, akabeba sanduku. Kambini, siku ya Mungu ya kwanza, chini ya hema la plastiki, kisha sala aliuliza swali la baba yake: ni nani ambaye hatukumwona? Waliobaki nyuma waliona mabaya. Mwezi wa Agosti 1998, kule Kasika, padri, masista, Mwami wa Lwindi na umati wa watu waliuawa. Na siku za mwisho za mwaka ule, kuingia mwaka wa 1999, ikawa zamu ya Makobola, katika territoire yetu ya Fizi. Kuna jamaa za parokia hii ambazo zilipoteza watu mwaka wa 1964 na tena mwaka wa 1998. Hatuna maneno ya kuwapa. Tuliwaomba waandike wenyewe katika kitabu hiki, wakasema kwamba bado.

Tarehe 18 Agosti 2024 tulikuwa Uvira. Tulisafiri juu ya malori, tukalala njiani, tukafika na mavumbi. Mbele ya kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, Kardinali Fridolin Ambongo, akimwakilisha Baba Mtakatifu Fransisko, aliwatangaza Luigi Carrara, Giovanni Didonè, Vittorio Faccin na Albert Joubert kuwa Wenye Heri, mashahidi wa imani. Tulikumbuka tarehe 15 Agosti 1985 katika Kinshasa, Baba Mtakatifu Yoane Paulo II alipomtangaza Anuarite kuwa Mwenye Heri na kutamka, kwa jina la Eklezia nzima, msamaha kwa yule aliyemwua. Wakati picha za mashahidi wanne zilipofunuliwa, watu walipiga vigelegele. Karibu yetu alisimama mtoto wa kiume wa yule aliyeandikwa Simba. Yeye hakupiga vigelegele. Alivua kofia, akabaki hivyo mpaka mwisho wa Misa, chini ya jua la Uvira ambalo si la mchezo.

Na sasa tunaandika wakati vita vimerudi. Mwezi wa Januari 2025 Goma ilitekwa, mwezi wa Februari Bukavu. Watu walikimbia, wengine wakavuka Ruzizi kwenda Burundi, wengine wakatufikia sisi. Jubilei yetu ya miaka 50 tuliitayarisha pamoja na wageni waliolala katika vyumba vya masomo. Mashirika yaliwagawana, kila moja jamaa zake. Hakuna aliyeuliza ni wa kabila gani kabla ya kumpa maji. Baada ya maji waliuliza, tusijisifu mno.

Inabaki kusema jinsi mabishano yetu yalivyokwisha. Yule mama mjane angali hai. Macho yake yamefifia, lakini akili yake ni safi. Tulikwenda kwake watu watatu, tukamweleza: tunataka kusoma majina yote ya kaye siku ya jubilei, na hatujui kama lile moja lisomwe. Alituuliza kama mwalimu alikuwa ameliandika. Tukasema ndiyo. Akasema: „Basi someni yaliyoandikwa.“ Kisha akanyamaza, nasi tukafikiri kwamba amemaliza, tukainuka. Akatushika mkono.

„Na jina la bwana yangu limo?“ akauliza.

Tulitazamana. Halikuwamo, wala halingeweza kuwamo. Mume wake alikuwa amebatizwa utotoni, katika kitabu cha misioni. Kaye ya walimu ni ya waliobatizwa, si ya waliouawa. Tulikuwa tumebishana majuma matatu juu ya jina la Simba, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba majina ya wale aliokuja kuwaua hayakuandikwa popote.

Tulianza kazi upya. Tulipita shirika kwa shirika, na kila jamaa ilitaja watu wake: wa mwaka wa 1964 na 1965, wa mwaka wa 1996, wa mwaka wa 1998, hata wa mwaka huu. Kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri aliyaandika katika kaye mpya, ya aina ile ile ya masomo, kwa kuwa hatukupata kubwa zaidi sokoni. Siku ya jubilei kaye mbili zitaletwa altareni pamoja na mkate na divai. Ile ya zamani itabebwa na mjukuu wa mwalimu. Ile mpya, mama alisema ataibeba mwenyewe, na kwamba anahitaji tu mtu wa kumshika mkono mpaka mbele. Msimamizi wa kwaya alimwuliza ni nani amchague. Alitaja jina la yule aliyevua kofia Uvira.